Mnasa-nzi wa dola 7 kwenye kikopo cha plastiki: nimeukuza miaka mitatu, ngoja niwape majibu

Naanza na nyota kabisa kabla ya maelezo. Mmea wenyewe nyota tano, kikopo unachouziwa nacho nyota mbili, karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ubavuni nyota moja. Halafu kuna kitu cha nne ambacho hawakuuzii pamoja na mmea na ndicho kilichookoa kila kitu kwangu, kile kikalamu cha kupimia maji, hicho ningekuwa na nyota kumi ningekipa zote.

Kwa wasioujua, mnasa-nzi ni ule mmea mdogo wenye majani kama mdomo uliozungukwa na kope, mdudu akiingia unafumba. Jina la kitaalamu Dionaea muscipula. Mimi naishi Raleigh, North Carolina, na huku ndio kwao hasa, porini haupatikani kwa asili sehemu nyingine yoyote duniani zaidi ya ukanda wa pwani wa North Carolina na South Carolina, kama maili 100 hivi kuzunguka mji wa Wilmington, ambao kwa gari ni saa mbili na kitu kutoka kwangu. Tangu 2005 jimbo langu la North Carolina limeutambua rasmi kama mmea wake wa kula wadudu. Kwahiyo unaishi nyumbani kwao kabisa na bado watu wengi huku wanaununua na unawafia ndani ya miezi miwili, na mimi wa kwanza ulinifia hivyo hivyo.

Ilikuwa hivi. Nimeenda duka la vifaa vya ujenzi kununua bawaba za mlango, karibu na kaunta ya kulipia kuna meza ya vimimea kwenye vikopo vyenye mfuniko wa plastiki, mwanangu akasimama pale akagoma kuondoka. Nikalipa dola 7. Tukaenda nao nyumbani, nikauhamishia kwenye chungu kizuri nikajaza udongo wa maua wenye mbolea, nikauweka dirishani jikoni, namwagilia maji ya bomba kila siku. Mtoto kila akitoka shule anaugusa ufumbe. Wiki ya tano ulikuwa mweusi wote. Alilia, na mimi niliumia kwa sababu niliona nimefanya kila ninachofanya kwa mchicha na mchicha huwa unastawi.

Baadae tulienda bustani ya mimea ya chuo kule Chapel Hill, wana sehemu nzima ya mimea inayokula wadudu pale nje na kuingia ni bure, na mama mmoja mtu mzima anayejitolea pale akaniuliza swali moja tu, unaumwagilia maji gani? Nikamwambia ya bomba. Akatikisa kichwa taratibu akaanza kunielekeza, na yote ninayoandika hapa yametokea kwenye lile swali.

Sikiliza kwanza kwa nini mmea unakula wadudu, ukielewa hapo mengine yote yanajipanga yenyewe. Kule kwao unaota kwenye mchanga mweusi wenye unyevu kati ya misonobari, udongo wenye asidi na maskini kabisa, naitrojeni karibu hakuna, mvua inaosha kila kitu. Mimea mingine inashindwa kuishi pale, huu ukapata njia yake, chakula unachukua kwa majani badala ya mizizi. Mizizi yake basi imezoea maji matupu. Ukiupa udongo wa mbolea au maji yenye chumvi chumvi unauchoma kuanzia chini, na haufi siku hiyo hiyo, unadhoofika wiki baada ya wiki na wewe unadhani una kiu unaongeza maji yale yale.

Kwahiyo kikalamu. Kinaitwa mita ya TDS, kinapima vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, kinakupa namba. Nilinunua onlaini dola 14, kinatumia betri ndogo za saa, unachovya ncha unasubiri sekunde chache. Wakulima wa hii mimea wanataka chini ya 50, ukifika mia unajitafutia matatizo. Nikazunguka nyumba nzima napima. Bomba la jikoni 132. Jagi la kawaida la kuchujia maji lililopo kwenye friji, 121, yaani linaondoa harufu ya klorini ila chumvi zinapita zilivyo. Maji ya chupa ya kunywa niliyokuwa nayo 64, nikasoma lebo kumbe wanaongeza madini makusudi ili yawe na ladha. Maji ya mvua niliyokinga kwenye beseni, 6. Galoni ya maji yaliyosafishwa kwa mvuke kutoka supamaketi, 1. Na yale yanayodondoka kwenye mashine ya AC yalisoma 11, namba ni nzuri lakini yanapita kwenye vyuma na vumbi la ndani ya mashine kwahiyo mimi siyatumii.

Halafu hili naliandika kwa ajili ya sisi ambao tumelelewa kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, chumvi haiondoki, ukiacha sufuria ichemke muda mrefu maji yanapungua chumvi inabaki pale pale kwahiyo namba inapanda. Nilijaribu kwa mkono wangu, kutoka 132 ikaenda 158. Usichemshe ukadhani umesafisha kwa ajili ya mmea.

Nikanunua pipa la plastiki nikaliweka chini ya mfereji wa paa, na tangu hapo miaka mitatu sijanunua maji isipokuwa kiangazi kimoja mvua ilipokata wiki nne. Vyungu vinakaa kwenye trei, najaza maji kina cha sentimita moja au mbili, yanapanda yenyewe kutoka chini, yakiisha naongeza. Simwagi kwa juu. Hakuna ratiba ngumu hapo.

Sasa niurudie mmea wa dukani maana ndio nimekuja kuutolea maoni. Nilinunua mwingine wa aina ile ile, duka lile lile, dola 7 na senti kadhaa, na safari hii niliuchagua. Angalia pale katikati majani yanapotokea, kama kuna majani mapya madogo ya kijani yanachomoza basi mzima, hata kama ya pembeni ni meusi, ya pembeni huwa yanazeeka na kufa ni kawaida. Kikopo chenye ukungu mweupe juu ya udongo kiache. Mmea uliokaa wima mwembamba mrefu na rangi imepauka, huo umekaa gizani muda mrefu, unaweza kupona ila itachukua msimu mzima. Mimea hii ya madukani mingi imezalishwa maabara kutoka kipande kidogo cha tishu, sio ya porini, na kwa afya ya mizizi hakuna tatizo, nilipoufungua chini ulikuwa na kitunguu cheupe kigumu kizuri.

Tatizo ni kikopo. Hakina tundu chini, mfuniko unafanya ndani kuwe na joto na unyevu kama bafuni, mmea unazoea hewa ile, ukiufungua ghafla ukautoa juani majani yote yanalala. Mimi nilitoboa mfuniko tundu tatu siku ya kwanza, kesho yake nikaongeza, ndani ya siku kumi nikauondoa kabisa, ndipo nikaanza kuutoa nje asubuhi kwa muda wa saa moja, halafu muda wa saa mbili, hadi ukazoea kutwa nzima. Na maelekezo ya ubavuni yanasema weka sehemu yenye mwanga dirishani. Hapana jamani. Huu mmea kwao unaishi kwenye uwanda wazi ambao moto unapita kila baada ya miaka michache unachoma vichaka, na watunza misitu huku wanauwasha moto huo makusudi, kwa sababu vichaka vikikua vikauwekea kivuli unapotea. Mmea uliozoea hivyo unataka jua lenyewe, masaa sita au zaidi ya jua la moja kwa moja. Nilipoutoa dirishani nikaupeleka barazani, mwezi mmoja tu ndani ya midomo kukawa kwekundu kama nyama ya ng'ombe, sikuwahi kuona rangi ile ndani ya nyumba.

Udongo nilichanganya mwenyewe, nusu piti, ule udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye vinamasi, na nusu pelaiti, ile chenga nyeupe nyepesi. Mfuko wa piti dola 12, pelaiti dola 6, vimetosha vyungu vyote na bado ninavyo. Ila soma mfuko vizuri. Kuna kampuni zinaongeza mbolea kwenye piti na pelaiti na wanaandika kwa maandishi madogo nyuma, wanasema inalisha miezi sita, mfuko huo ni sumu kwa mmea huu. Chungu cha plastiki kirefu ni bora kuliko cha udongo wa mfinyanzi, cha mfinyanzi kinavuta madini na kukausha.

Kuhusu kuulisha, najua ndio kila mtu anataka kusikia. Ukiwa nje unajilisha mwenyewe, mimi napata nzi, buibui, sisimizi, siku moja nyigu mzima mguu mmoja unaning'inia nje. Ndani ya kila mdomo kuna vinywele, kawaida vitatu kila upande, mdudu akigusa mara mbili ndani ya kama sekunde 20 ndipo unafumba, kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Akigusa mara moja tu haufumbi, kwahiyo tone la mvua au jani kavu haliudanganyi. Na ukishafumba bado haujaanza kula, unasubiri, mdudu akiendelea kuhangaika na kugusa vinywele ndipo unaziba kabisa na kutoa majimaji ya kumeng'enya, siku tano hadi kumi na mbili unafunguka limebaki ganda. Mara ya kwanza kuona hiyo na mwanangu tulikaa chini barazani robo saa hatuongei.

Kwa sababu hiyo mnisikie, usiuguse kwa kidole kwa kuufurahia. Kila mdomo una idadi ndogo ya kufumba kabla haujafa, na kufumba kunakula nguvu, ukiuchezea kila siku unaunyima pande zote mbili, nguvu inaisha na chakula haupati. Wala usiupe nyama ya kuku au soseji, inaoza na mdomo unaoza nayo. Mbu mmoja mdogo anatosha, na usipoupa kitu mwezi mzima haufi, mradi una jua na maji safi.

Mama yangu aliuona kwenye video kol akiwa Tanga akashtuka, mwanangu, huo mmea haumdhuru mtoto? Nikamwambia hapana mama, ukitia kidole ni kama umeshikwa na karatasi. Akasema basi nimletee akaweke jikoni kuna inzi wengi msimu wa maembe. Ilibidi nimweleze na hapa nawaeleza na nyie mlio Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, maana wengi mtaupenda. Mnasa-nzi unahitaji kulala. Kuanzia Novemba hadi Februari hivi majani mengi yanakuwa meusi, unabaki kichipukizi kidogo chini, unataka baridi la kama nyuzi sifuri hadi kumi kwa miezi mitatu. Mwaka wa kwanza niliogopa nikaurudisha ndani kwenye joto, ulitoka majani mwezi Januari lakini membamba dhaifu, mwaka ule haukukua kabisa. Mwaka wa pili nikauacha nje, siku zenye barafu kali nikaufunika kwa majani makavu ya msonobari, Machi ukaamka na midomo mikubwa kuliko ya mwanzo. Pwani yetu haina hiyo baridi. Utaishi mwaka, pengine miwili, huku unachoka.

Ukiwa pwani ya Afrika Mashariki tafuta mitungi ya Nepenthes, ile inayoning'inia vikombe vyenye mfuniko, hiyo ni ya joto na haihitaji usingizi. Ina ndugu karibu sana na sisi, Madagaska kuna aina mbili na Shelisheli kuna moja, Nepenthes pervillei. Ya kuanzia ni ile chotara inaitwa ventrata, mimi ninayo moja ndani kwa ajili ya majira ya baridi, ngumu haisumbui, inataka mwanga mwingi usio mkali na hewa yenye unyevu, na udongo wake uwe mwepesi zaidi, usiikalishe kwenye trei la maji kama mnasa-nzi. Na maji yale yale masafi. Kwa Dar msimu wa masika kinga mvua kwenye bati, ya kwanza iache ioshe vumbi, au nunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta, ila hakikisha kwa macho yako kuwa ni maji na sio asidi. Maji ya kisima ya pwani usiyaguse, yana chumvi unaionja hata kwenye chai.

Na kuna ya kwetu kabisa ambayo sikuwa naijua mpaka nikaja huku. Mimea ya umande, Drosera, ile majani yake yana nywele zenye tone la gundi linang'aa, kuna inaitwa Drosera madagascariensis, inaota porini Tanzania na Uganda kwenye maeneo ya tindiga. Nilikua Tanzania hadi nina miaka ishirini na nne na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia.

Oda yangu ya pili ilitoka kwenye kitalu kidogo cha familia kinachouza onlaini, sitataja jina lakini huduma ilikuwa safi. Walituma mwezi Machi, mizizi mitupu imefungwa kwenye mosi, ile mimea laini kama sifongo, yenye unyevu ndani ya kimfuko, bila chungu wala udongo. Nilipofungua boksi nilisikitika kidogo, kitu chenyewe kidogo kama kitunguu saumu, dola 18. Mwezi Juni mdomo mmoja ulikuwa karibu sentimita nne, ni aina inaitwa B52. Pia nilichukua Drosera capensis kutoka kwao dola 9, asili yake Afrika Kusini, na huu ndio ningemshauri mtu yeyote aanze nao, hauna usingizi wa lazima, unakaa dirishani penye jua, ukitaka kufa unachipua tena mizizini, na mbegu zake zimeota kwenye vyungu vyote vya jirani.

Mbegu za mnasa-nzi za onlaini usinunue. Nilipata paketi dola 5 picha yake inaonyesha mnasa-nzi wa bluu na zambarau, hakuna mnasa-nzi wa bluu duniani, na zilipoota ulikuwa ni majani tu ya kawaida. Nilidai hela yangu sikujibiwa. Hata mbegu za kweli zinataka miaka mitatu hadi mitano kufika ukubwa wa kueleweka.

Jambo moja zito. Porini huku inaibiwa. Mwaka 2013 waliiba kama elfu moja kwenye bustani ya Stanley Rehder pale Wilmington, bustani ya wazi ya watu wote. Jimbo likabadilisha sheria, tangu Desemba 1, 2014 kuuchimba bila ruhusa katika wilaya kadhaa za asili yake ni kosa la jinai kubwa, unaweza kufungwa. Nimeenda kutembea Carolina Beach, kuna njia fupi ya kupita uione porini, ni midogo inajificha kwenye nyasi unaweza kuikanyaga, na baada ya kuiona pale sikuweza kuelewa mtu anainamaje kuing'oa. Kwahiyo muulize muuzaji umezalishwa wapi, na akisita ondoka. Na usiuweke kwenye begi la ndege kwenda nao nyumbani, upo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, unahitaji vibali na cheti cha afya ya mimea.

Hesabu yangu kwa miaka mitatu, mimea, piti, pelaiti, pipa, trei na kikalamu, haijafika dola 120. Ule wa dola 7 Februari iliyopita nilipoutoa kwenye chungu kubadilisha udongo ulikuwa umegawanyika wenyewe vitunguu vinne. Kimoja nikampa jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu, yeye ndiye alikuwa anasimama kwenye uzio kila siku ananiuliza, Papa, hii kitu inakulaka nini? Nilimpa na maelezo ya maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Jumamosi kanigongea mlango ameshika ndoo ya mvua aliyoikinga usiku anataka tuipime kabla hajaimwaga kwenye trei. Ikasoma 8.